Saa ya Durban ni saa ya Lubumbashi

Jumamosi ya kwanza ya Julai huikuta Lubumbashi kwenye baridi. Vumbi jekundu limekwisha kutua juu ya majani ya miembe, sherehe za uhuru za 30 Juni zimepita juzijuzi, watoto wamefunga shule, na mama muuza michopo, nyama yetu ya kuchoma, amesogeza kiti mpaka magoti yake yanakaribia makaa. Alasiri ya siku hiyo, mjini Durban, farasi wapatao kumi na wanane huingizwa kwenye mageti ya kuanzia ya uwanja wa Greyville, wakimbie mita 2,200. Mbio zote huchukua kama dakika mbili na robo. Zinaitwa Durban July, zilianza 1897, na Afrika Kusini haina siku nyingine ya farasi inayokusanya watu na kelele kama hiyo.

Nimekuwa nikiifuata kutoka hapa kwa miaka kadhaa: mara kwenye televisheni ya nganda, yaani baa ya mtaani, mara kwenye simu, na mara moja kwa masikio tu, kisa ambacho nitakifikia. Watu huniuliza swali lilelile. Unaitazamia wapi? Chaneli gani? Mega ngapi? Ni swali la haki na nitalijibu. Ila naona linatanguliwa na jingine: ukiisha kuipata, utatazama nini? Maana nimekaa na vijana wa Katuba na wa komini ya Kenya ambao wameshuhudia "mbio za farasi" mara elfu, na hawajamwona farasi hata mmoja.

Kwanza tukumbushane jinsi Durban ilivyo karibu nasi. Kongo ina saa mbili tofauti, na sisi wa Katanga tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Saa yetu ndiyo saa ya Afrika Kusini, dakika kwa dakika. Kengele ikilia Greyville saa kumi, huku Kamalondo ni saa kumi. Ukilinganisha na sherehe nyingine kubwa za farasi, hiyo ni neema. Cheltenham, ile ya Uingereza ya siku nne za Machi, iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo mbio zake kubwa za Ijumaa, Gold Cup, hutukuta jua linazama. Arc de Triomphe ya Paris, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, nayo huangukia kwenye saa yetu kwa sababu Wafaransa huwa bado wako kwenye saa zao za kiangazi. Lakini Paris ni ya kufikia kwa ndege na viza. Durban tunaifikia kwa barabara.

Na si maneno ya mdomoni tu. Shaba ya Kolwezi na Likasi hupakiwa kwenye malori, ikapita Kasumbalesa, ikashuka Zambia yote, ikavuka Chirundu, Zimbabwe, Beitbridge, na sehemu yake huishia bandari ya Durban, safari ya zaidi ya kilomita 2,500. Kila familia hapa mjini ina dereva wake, au jirani aliye dereva. Shemeji yangu amekwenda na kurudi njia hiyo mpaka hesabu ikampotea. Yeye ndiye aliyenitajia July kwanza. Alikuwa amengojea kushusha mzigo, Jumamosi ile akaona mji mzima umevaa: wanawake wenye kofia pana kama sinia, wanaume wenye suti za rangi ya papai, wote wanaelekea upande mmoja. Akauliza, ni ndoa ya nani? Wakamwambia, ni farasi.

Kwa sisi hilo ni jambo la ajabu, na ajabu hiyo ina sababu. Neno farasi tumelipokea kwa lugha, limetoka kwa Waarabu kupitia pwani, lakini mnyama mwenyewe hakuja nalo. Mbung'o wa misitu yetu hubeba ugonjwa wa nagana, nao huua farasi haraka kuliko unavyoua ng'ombe wa kienyeji. Ndiyo maana babu zetu walibeba shaba na pembe kichwani na mabegani. Mtoto wa Lubumbashi anaweza kufika miaka arobaini bila kusikia harufu ya jasho la farasi. Anamjua kwa picha.

Picha hiyo sasa anaipata wapi? Katika nyumba ya kubeti.

Ingieni siku moja mtazame. Chumba kirefu, mabenchi ya mbao, televisheni tatu zimepachikwa ukutani kwa chuma. Kwenye moja wanakimbia farasi waliochorwa na kompyuta. Miguu inarudia mwendo uleule, majani hayakanyagwi, hakuna udongo unaoruka. Kila baada ya dakika chache mbio mpya zinaanza, asubuhi mpaka usiku, hata mvua inyeshe. Kijana mmoja wa pikipiki nilimkuta bado amevaa kizibao chake cha kazi, ameshika tiketi kwa vidole viwili, anaita: "Nne! Nne! Nne!" Farasi wake hakuwa na jina wala mama. Hakuwa na mtu aliyemlisha asubuhi. Alikuwa namba. Mbio zilipokwisha kijana alitazama tiketi, akaiachia ikaanguka kwenye sakafu iliyokwisha kufunikwa na nyingine, akaingiza mkono mfukoni tena.

Nililala na ile sauti ya "nne" masikioni. Kijana yule hakuwa mjinga, ana hesabu za kichwani kunizidi, na familia yake inakula kwa jasho lake. Ila amefundishwa kutazama vibaya. Amefundishwa kwamba farasi ni njia ya kuitoa namba kutoka upande huu wa kioo hadi upande ule. Siku ya July ikifika, nyumba ileile inaonyesha mbio za kweli, na yeye anazitazama kwa jicho lilelile: dakika mbili na robo, basi, inayofuata.

Tena kamari haijaigusa July jana wala juzi. Mwaka 1966 kulikuwa na farasi aitwaye Sea Cottage, aliyetarajiwa na wote kushinda. Asubuhi moja ya Juni, wiki chache kabla ya siku yenyewe, alikuwa akitoka mazoezini karibu na ufuko, pale Durban wanapopaita Blue Lagoon. Mtu aliyekodiwa alimpiga risasi kwenye paja la nyuma. Sababu ilikuwa fedha za kubeti: kuna waliohitaji asikimbie. Sea Cottage akatibiwa, akakimbia July hiyohiyo, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata alirudi akiwa na uzito mkubwa mgongoni, akamfukuza farasi mwepesi aitwaye Jollify mpaka wakafika kwenye mstari pamoja. Majaji wakaitazama picha, wakashindwa kuwatenganisha. Sare. Miaka zaidi ya hamsini imepita na watu wa Durban bado wanahadithia, nao wanachohadithia ni yule mnyama. Nani alikula fedha siku hiyo, hakuna anayemkumbuka.

Hata majina ya wadhamini yanaeleza kitu. Kuanzia 1963 July ilibeba jina la sigara, Rothmans. Baadaye, miaka ya 2000, ikabeba la Vodacom, wale tunaowajua hata huku. Tangu 2022 inabeba la kampuni ya kubeti, Hollywoodbets. Sigara, simu, tiketi. Silaumu uwanja kwa kutafuta fedha, maana nyasi hazijimwagilii maji zenyewe na farasi hali hewa. Nasema tu kwamba anayelipia pazia ndiye anayechagua dirisha tutakalochungulia, na dirisha la leo limeelekezwa kwenye dau. Mtazamaji asipofanya bidii ya makusudi, hatatazama kitu kingine.

Sasa lile swali la wapi.

Njia iliyo nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni televisheni moja yenye watu wengi mbele yake. King'amuzi cha satelaiti kwenye nganda, viti vya plastiki, chupa za bia ya Simba mezani, na mwenye nganda aliyeombwa mapema, tangu Alhamisi, asije akasema mpira umepangwa. Hapa watu hunipinga. Wanasema hiyo ni njia ya maskini asiyeweza kwenda uwanjani. Basi wawatazame Waingereza. Cheltenham mwaka 2022 iliingiza watu 280,627 kwa siku nne. Mwaka 2025 waliingia 218,839. Hoteli na pombe pale zimepanda bei mno, na sehemu ya waliokuwa wakienda sasa hupanda ndege kwenda Benidorm, Hispania, wakakaa kwenye baa zenye jua, wakaitazama Cheltenham kwenye televisheni pamoja na wenzao. Watu waliozaliwa na farasi, wenye uwanja wao wenyewe, wamechagua nganda! Kwa hiyo sisi wa Bel-Air na Kamalondo tusijione tumepewa makombo. Tena katika 2020 na 2021, kwa sababu ya korona, July ilikimbiwa bila umati. Miaka hiyo tajiri wa Durban na dereva wa Lubumbashi walikaa sehemu moja: mbele ya kioo.

Njia ya pili ni simu. Nasema wazi kwamba naipenda kidogo. Kutazama moja kwa moja alasiri nzima kunakula mega kama moto wa kichaka, na picha ya simu huchelewa. Ya satelaiti nayo huchelewa, ila kidogo. Ya intaneti inaweza kuwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi. Kwenye mpira hilo linavumilika. Kwenye mbio za dakika mbili na robo, nusu dakika ni sehemu ya tano au ya nne ya tukio zima. Jirani mwenye king'amuzi ameshapiga kelele, wewe farasi wako bado hawajapinda. Nimewaona watu wakigombana kwa ajili ya hilo.

Lakini simu ina kazi moja inayoifanya kuliko chombo kingine chochote: marudio. Video ya mbio zilizokwisha, kwa picha ya kawaida, haifiki hata mega 50, na unaweza kuipakua mahali penye intaneti nzuri ukaja nayo nyumbani. Wenye mbio siku hizi huziweka wenyewe kwenye YouTube, za Durban, za Paris, za Cheltenham. Kwa bei ya maandazi mawili unapata mbio ambazo utazitazama mara ishirini. Hiyo ndiyo shule yangu. Sijawahi kupanda farasi, na ninayoyajua nimeyapata kwa kurudisha nyuma.

Katika marudio hayo kuna moja ninayomwonyesha kila anayetaka kuanza. Arc ya Paris, mwaka 2012. Wajapani wamekuwa wakiitamani Arc kwa miongo mingi, nao farasi wao Orfevre siku ile anatokea upande wa nje kwenye mstari wa mwisho, anawapita wote kama wamesimama. Amekwisha kushinda, hata mtangazaji amekwisha kuamini. Kisha, akiwa peke yake mbele, anaanza kulalia ndani, anaelekea uzioni, mwendo unakatika, na jike wa Kifaransa aitwaye Solemia, ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, anamfuata hatua kwa hatua na kumpita mbele ya mstari. Ukiitazama kwa jicho la tiketi, utasema namba fulani imeshindwa. Ukiitazama kwa jicho la mtu, utamwona mnyama mwenye nguvu za kutisha anayepotewa na akili pale anapobaki peke yake. Nimeitazama zaidi ya mara thelathini na bado kifua hunibana.

Anayetaka kuitazama July vizuri aanze siku kadhaa kabla. Hatuingii uwanja wa Mazembe bila kujua nani ameumia goti na nani amenuniana na kocha. Kwa nini tumfikie farasi mikono mitupu? Kuna mambo mawili ya kujua, na hayana ugumu.

La kwanza ni uzito. July ni mbio za kusawazisha. Farasi mwenye sifa kubwa hubebeshwa zaidi, mpaka kilo 60, na wa chini hupunguziwa kilo kadhaa. Joki, yaani mpanda farasi, hupimwa pamoja na tandiko lake, na akipungua, huongezewa vipande vya madini kwenye tandiko. Maana yake yule unayemwona anaburuta miguu mita mia za mwisho huenda ndiye bora kuliko wote. Anaadhibiwa kwa ubora wake. Bila kulijua hilo huwezi kuelewa kwa nini Durban wanamheshimu Sea Cottage zaidi ya washindi wengi waliofika peke yao.

La pili ni geti. Nafasi za kuanzia hugawiwa kwa bahati nasibu kabla ya siku. Greyville huzungukwa kwa mkono wa kulia, na katikati yake kuna uwanja wa gofu, kijani kibichi, kama kisiwa. Farasi aliyepewa geti la nje kabisa ana mambo mawili ya kuchagua: akimbie haraka mwanzoni ajipenyeze ndani na kuchoka mapema, au akubali kukaa nyuma na kuombea nafasi ifunguke. Kwa hiyo sekunde ishirini za kwanza, ambazo wengi huzitumia kuagiza bia, ndizo zenye mashauri mazito ya siku nzima. Joki anaamua pale. Mtazame mikono.

Siku chache kabla, farasi watakaokimbia hupitishwa mazoezini mbele ya watu pale Greyville, na picha zake hutolewa. Hapo ndipo mahali pangu. Hakuna kelele, kuna pumzi inayotoka puani na mvuke wa asubuhi. Unaona yupi anavuta, yupi ametulia, yupi masikio yake yamesimama. Na unawaona watu ambao kamera za siku yenyewe huwapita mbio: watunza farasi. Wengi wao ni weusi, wanaamka kabla ya alfajiri, wanapiga brashi, wanafunga miguu, wanamfahamu mnyama kwa sauti yake ya kutafuna. Enzi za ubaguzi wa rangi hao ndio waliokuwa karibu na farasi kuliko mtu yeyote na mbali na jukwaa kuliko mtu yeyote. Siku ya mbio, farasi akiingia kwenye duara la kupitishwa kabla ya kwenda mageti, usimtazame peke yake. Mtazame na yule anayemwongoza kwa kamba, jinsi mkono wake unavyopanda shingoni kelele zikizidi.

Nilipofahamu habari hiyo ndipo ushindi wa S'manga Khumalo ulipopata uzito wake kwangu. Ni kijana wa KwaMashu, kitongoji cha weusi kando ya Durban. Alipelekwa kwenye chuo cha majoki kwa sababu ya umbo lake dogo, bila kuwa na farasi katika ukoo. Mwaka 2013 akashinda July juu ya Heavy Metal, joki mweusi wa kwanza kuishinda tangu 1897. Hesabuni wenyewe: miaka 116. Akaja kuishinda tena 2022 juu ya jike aitwaye Sparkling Water. Na mwaka 2021, uwanja ukiwa mtupu, mshindi alikuwa Kommetdieding, farasi aliyenunuliwa kwa randi 55,000 tu na kufundishwa na baba na binti yake. Habari za namna hiyo zinaenezwa bure na kila gazeti la kule, wala hazihitaji dau.

Siku yenyewe mimi hutazama mara tatu. Mara ya kwanza ni mbio zenyewe, bila kumchagua yeyote, macho yamefunguliwa kwa kundi zima kama unavyotazama kundi la ndege. Mara ya pili ni marudio, nikimfuata mshindi tangu getini, kujua aliificha wapi nguvu yake. Mara ya tatu namfuata mmoja aliyeshindwa. Hiyo ya tatu watu huiona ni kupoteza wakati, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Utaona farasi aliyefungiwa ndani kama teksi kwenye msongamano wa mzunguko wa Posta, nguvu anazo, njia hana.

Siwezi kuandika haya yote nikanyamazia jambo moja. Farasi huumia, na wengine hufa, hasa kwenye mbio za kuruka vizuizi za Uingereza, na hata kwenye nyasi tambarare kama za Durban. Wapo rafiki zangu wanaokataa kutazama kwa sababu hiyo, nami nawaheshimu. Sisi tuna msemo wetu, punda afe mzigo ufike, na naona ndio ugonjwa wenyewe: anayetazama mzigo tu hawezi kumwona punda. Lakini sikubali kwamba kufumba macho kunamsaidia mnyama. Grand National ya Liverpool ilikuwa na farasi 40 kwa miaka mingi. Tangu 2024 ni 34, wamepunguzwa kwa ajili ya usalama, baada ya watazamaji kuona walichokiona na kukataa kunyamaza. Kamera ikikwepa pale palipofungwa pazia la kumficha farasi aliyeumia, mtazamaji mwema ndiye anayeuliza nini kimetokea nyuma yake. Kwenye skrini ya farasi wa kompyuta hakuna wa kuulizia.

Sasa ile ya masikio.

Tulikuwa nganda moja ya Kamalondo, watu kama thelathini, wengi wao walikuja kwa michopo na kubakia kwa farasi. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza uzito na mageti, na mzee mmoja, mstaafu wa migodi, alikuwa ameshika karatasi niliyoandika majina, anayasoma taratibu kwa miwani ya kukopa. Farasi walikuwa wanaingizwa getini. Kuran, yaani umeme, ikakatika. Mama mwenye nganda akakimbilia jenereta, ikakohoa, ikanyamaza.

Shemeji yangu alikuwa Durban safari hiyo, amekwenda Greyville pamoja na Wakongo wanaoishi kule, maana ni wengi, wako kwenye sehemu za watu wa kawaida karibu na uzio. Nikampigia. Akapokea. Nikaiweka simu juu ya meza, sauti mpaka mwisho, watu wakainama juu yake kama wanaota moto.

"Banatoka!" akasema. "Banatoka bote! Ule wa inje anakuya mu ndani, anakuya, anakuya... anaingia!"

Hatukuwa na picha hata moja. Nyuma ya sauti yake tulisikia umati, kwanza mbali, kama mvua inayotembea juu ya mabati ya majirani.

"Beko banapinda! Yaya, beko banapinda!"

Mvua ikafika kwetu. Sikusikia tena alichosema. Nilisikia kwato. Naapa nilizisikia, katikati ya kelele, labda sekunde mbili, mngurumo unaopita karibu na simu yake na kuendelea. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya meza, kana kwamba anapima mtetemo. Kisha shemeji akarudi, anahema kama aliyekimbia mwenyewe, akataja jina la aliyeshinda, na watu thelathini wasio na tiketi wakapiga makofi mbele ya kioo kilichozimika.

Kuran ilirudi baada ya saa moja hivi, na marudio yalikuwa yanaonyeshwa. Tulitazama mara ya kwanza wote kwa pamoja. Mara ya pili tulimfuata mshindi. Watu wakaanza kusimama, kutafuta makoti yao, baridi ilikuwa imeingia sawasawa. Mzee hakusimama. Alinyoosha kidole kwenye karatasi, kwenye jina la farasi ambaye mtangazaji alimtaja mara moja tu, mwanzoni.

"Na huyu," akaniuliza, "yeye alifika?"

Nikachukua simu, nikatafuta video, nikairudisha nyuma. Alikuwa wa mwisho, mbali na wenzake, kamera ilimwacha kabla ya mstari. Tukaitafuta nyingine, iliyopigwa na mtu kutoka uzioni, tukakaa tukaitazama mpaka alipopita.